Kipande cha Figo Kutoka Kwenye Sindano Hadi Kwenye Pikseli: Mwongozo wa Kuandaa Sampuli na Kupiga Picha kwa Hadubini ya Elektroni

Mtu akionyeshwa picha nzuri ya hadubini ya elektroni, swali lake la kwanza huwa ni kuhusu kamera: ina pikseli ngapi, imetoka kampuni gani, imegharimu kiasi gani. Aliyekaa miaka mingi kwenye chumba cha hadubini huuliza jambo jingine kabisa, nalo ni dakika ngapi zilipita kati ya kipande hicho kutoka mwilini na kuingia kwenye dawa. Kamera hupokea kile tu kilichobaki salama baada ya mikono mingi kukishika, na kama kuna kilichopotea njiani, pikseli milioni 16 zitaonyesha upotevu huo kwa ufasaha mkubwa.

Mwongozo huu unafuata kipande kimoja tu, biopsi (kipande kidogo cha nyama kinachotolewa mwilini kwa uchunguzi) ya figo ya binadamu, tangu inapotoka kwenye sindano mpaka inapokuwa faili ndani ya kompyuta. Nimechagua figo kwa sababu ni mojawapo ya kazi chache za hospitali ambazo hadubini ya elektroni ya upitishaji, ile inayojulikana kwa herufi TEM, bado hutoa jibu ambalo vipimo vingine haviwezi kulitoa. Mgonjwa anaweza kuvimba uso na miguu kwa kupoteza protini nyingi kwenye mkojo, na bado figo yake ikaonekana haina kasoro yoyote chini ya hadubini ya kawaida. Kasoro iko kwenye vijiguu vya seli ziitwazo podosaiti, ambavyo kwa kawaida hujipanga kama meno ya kitana juu ya utando wa chujio la figo, vikiachana kwa nafasi ya nanometa 30 hadi 40 tu. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanometa 200 hivi, kwa hiyo kwake meno hayo hayapo kabisa, yawe mazima au yawe yameungana.

Dakika za mwanzo

Sindano ya biopsi hutoa uzi wa nyama wenye unene wa takriban milimita moja. Uzi huo usilazwe kwenye shashi kavu wala usibanwe kwa kibano katikati, kwa maana alama ya kibano huonekana hadi mwisho wa safari. Uweke juu ya kibao safi cha nta chenye tone la maji ya chumvi, kisha chukua wembe mpya na ukate kwa kuuvuta, si kwa kuugandamiza. Kwa ajili ya TEM, kata vipande vya milimita moja kutoka ncha zote mbili za uzi, kwa sababu huwezi kujua kwa hakika ni ncha ipi imetoka kwenye gamba la nje la figo, na machujio yaitwayo glomeruli hukaa kwenye gamba hilo tu. Sehemu ya katikati waachie wenzako wa hadubini ya mwanga na wa vipimo vya kingamwili.

Vipande vidumbukizwe papo hapo kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2.5 iliyochanganywa na bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya fosfati au ya kakodilati yenye nguvu ya 0.1 M na pH kati ya 7.2 na 7.4. Glutaraldehaidi hufunga protini kwa nguvu, lakini hupenya polepole mno, na ndiyo sababu ya kusisitiza kipande kisizidi milimita moja: kipande kikubwa huhifadhika kwa nje huku katikati yake ikiendelea kuoza kimyakimya. Maabara nyingi huongeza paraformaldehaidi kwenye mchanganyiko huo, kwa kufuata kanuni aliyoichapisha mtafiti Karnovsky mwaka 1965, ili molekuli ndogo za formaldehaidi zitangulie kuishika tishu na zile kubwa zije kuikaza. Saa mbili hadi nne katika joto la kawaida zinatosha, au usiku mzima kwenye friji. Iwapo wodini kulikuwa na formalini yenye bafa pekee, usikate tamaa, kwa kuwa kipande hicho bado kinaweza kuhamishiwa kwenye glutaraldehaidi na kikatoa jibu linalotosha kwa tabibu, ingawa picha haitakuwa ya kutundikwa ukutani.

Usigandishe chupa hiyo kamwe. Niliwahi kupokea sampuli ambayo mtu mwenye nia njema kabisa aliiweka kwenye friza badala ya friji ili isiharibike kwa joto la safari. Fuwele za barafu zilikuwa zimetoboa seli kila mahali, na picha zote zilifanana na sifongo. Tangu siku ile kila chupa ninayoituma ina karatasi yenye maneno mawili makubwa: USIGANDISHE KAMWE.

Baada ya hapo tishu husuuzwa kwa bafa mara tatu, dakika kumi kila mara, kisha hutiwa kwenye osmium tetroksidi ya asilimia 1 kwa saa moja. Dawa hii hushika mafuta ya tando za seli, na kwa kuwa osmium ni metali nzito inayotawanya elektroni, huanza pia kuipa tishu weusi utakaohitajika baadaye. Kipande hutoka cheusi kama mkaa. Mvuke wake huweza kuihifadhi konea ya jicho lako vilevile kama unavyohifadhi tishu, kwa hiyo kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani. Weka karibu chupa ya mafuta ya kupikia ya mahindi. Masalia ya osmium yakimiminwa ndani yake, mafuta hugeuka meusi na dawa hupoteza makali, na mpaka leo sijapata kitulizo cha bei nafuu zaidi ya hicho.

Kuondoa maji ni hatua rahisi kuieleza: ethanoli ya asilimia 50, 70, 90, kisha 100 mara tatu, dakika 10 hadi 15 kila moja. Hata hivyo, anayefanya kazi katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam au Unguja anapaswa kukumbuka kwamba ethanoli ya asilimia 100 haibaki 100 kwa muda mrefu baada ya kufunguliwa, kwa sababu hunywa unyevu wa hewani. Nunua chupa ndogondogo, na ile ya hatua ya mwisho ifunguliwe siku hiyohiyo. Maji yakibaki ndani ya tishu, rezini, yaani plastiki ya maji itakayoijaza tishu na kuwa ngumu, haikauki sawasawa, na kisu kitakapofika hapo kitachimba shimo mahali pale pale ulipopahitaji. Fuatisha oksidi ya propilini mara mbili, halafu mchanganyiko wake nusu kwa nusu na rezini ya epoksi kwa saa kadhaa, halafu rezini tupu usiku kucha, na mwisho oveni ya nyuzi joto 60 kwa saa 48. Jina la sampuli liandikwe kwa penseli kwenye kijikaratasi kinachozamishwa ndani ya rezini yenyewe. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, nawe utabaki na vitofali kumi vya rezini yenye tishu visivyo na wenyewe.

Kukata

Kabla ya kukata vipande vyembamba kabisa, kata kimoja cha unene wa mikromita moja kwa kisu cha kioo, kipake rangi ya toluidini ya bluu, na ukitazame kwenye hadubini ya mwanga. Hapa ndipo utakapojua kama kitofali kina glomerulasi (umoja wa glomeruli) au la. Wanaoanza huiruka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye mashine kubwa, kisha hupoteza asubuhi nzima wakitafuta chujio ndani ya kitofali chenye mirija mitupu. Ukiipata, punguza uso wa kitofali kwa wembe mpaka ubaki na umbo la trapeza lisilofika milimita moja, glomerulasi ikiwa katikati.

Kipande cha mwisho kinapaswa kuwa na unene wa nanometa 70 hivi, na hakuna rula ya kukipima isipokuwa rangi yake. Vipande vinapotoka kwenye kisu cha almasi huelea kwenye maji ya kibakuli kilicho nyuma ya makali, na mwanga unaoakisiwa juu na chini ya kipande huleta rangi kama zile za mafuta ya taa juu ya dimbwi. Kijivu ni chini ya nanometa 60, rangi ya fedha ni 60 hadi 90, dhahabu ni 90 hadi 150, na zambarau ni nene kupita kiasi. Tafuta fedha, au dhahabu iliyopauka sana. Kama vipande vimejikunja, pitisha juu yake kijiti kilicholoweshwa klorofomu bila kugusa maji, na utaviona vikijinyoosha.

Kuvisogeza vipande hivyo hutumika unywele wa kope uliobandikwa kwenye ncha ya kijiti. Huo si mzaha. Hakuna kifaa cha kiwandani kinachoushinda unywele wa kope kwa ulaini na wembamba wa ncha. Zima kiyoyozi kinachopuliza upande wako, zuia pumzi unaposogeza, na kama kuna lori linalopakua mizigo nje ya dirisha, nenda kanywe chai mpaka limalize, maana mtetemo wake huandikwa kwenye kipande kama mistari ya ubao wa kufulia. Vipande hupokewa kwenye gridi ya shaba, kijiwavu cha duara chenye kipenyo cha milimita 3.05. Gridi ya matundu 200 kwa inchi hushika vipande imara bila utando wa ziada, lakini nguzo zake huweza kuficha nusu ya chujio, kwa hiyo kwa biopsi yenye glomerulasi moja tu mimi hupendelea gridi yenye mwanya mmoja uliowekewa utando mwembamba wa plastiki.

Kutia weusi

Tishu ya mwilini imejaa kaboni, oksijeni na haidrojeni, sawa na rezini iliyoizunguka, na elektroni hupita vyote viwili bila kubagua. Ndiyo maana huongezwa metali nzito: asetati ya uranili ya asilimia 2 kwa dakika 10 hadi 20 gizani, kusuuza, kisha sitrati ya risasi ya Reynolds kwa dakika tatu hadi tano, na kusuuza tena. Gridi hulazwa kifudifudi juu ya tone la dawa, upande wenye vipande ukiangalia chini. Asetati ya uranili ni sumu na ina mnururisho kidogo, kwa hiyo taka zake zina chupa yake.

Sitrati ya risasi ina adui mmoja, hewa ya kaboni dioksidi, ambayo huigeuza kuwa kaboneti ya risasi na kunyunyiza punje nyeusi juu ya kila kitu. Zungushia matone yako chembe za hidroksidi ya sodiamu ndani ya sahani iliyofunikwa ili zinyonye hewa hiyo, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa siku hiyohiyo. Niliwahi kuharibu gridi kumi na mbili kwa siku moja kwa sababu tu nilikuwa nikisimuliana na mwenzangu habari za mpira huku nimeinamia sahani iliyo wazi. Pumzi yangu ilitosha. Punje zile zilionekana kama pilipili manga juu ya wali, na hakuna programu ya kompyuta iliyoweza kuzichambua.

Kamera na hesabu yake

Kwa miongo mingi tangu Ruska na Knoll walipounda hadubini ya kwanza ya elektroni mjini Berlin mwaka 1931, picha zilinaswa kwenye filamu na kusafishwa kwenye chumba cha giza, na mtu alijua kesho yake kwamba fokasi ya jana ilikuwa mbovu. Kamera za kidijitali zimeondoa usubiri huo, ila zimeleta mambo mengine ya kuyaangalia.

Kamera nyingi zinazotumika kwa vipande vya rezini hazipokei elektroni moja kwa moja. Elektroni hugonga kwanza bamba liitwalo sintileta, ambalo hutoa cheche ya mwanga. Mwanga huo husafirishwa kwa fungu la nyuzi za kioo au kwa lenzi hadi kwenye sensa ya CCD au CMOS, aina mbili za chipu za kunasa mwanga. Cheche moja husambaa kidogo kabla haijafika, kwa hiyo pikseli jirani hupokea sehemu ya habari isiyo yao. Zipo pia kamera zinazopokea elektroni bila sintileta, ambazo zimeleta mageuzi makubwa katika kutazama protini zilizogandishwa ghafla, taaluma iliyowapatia Dubochet, Frank na Henderson Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017. Kwa biopsi ya figo, kununua kamera ya aina hiyo ni kukodi meli ili kuvuka mto unaovukika kwa miguu, na fedha hizo zingefanya kazi zaidi zikinunua kisu kipya cha almasi.

Fanya hesabu hii mara moja kwa mashine yako na uibandike ukutani. Gawanya ukubwa wa pikseli ya sensa kwa ukuzaji uliopo kwenye kamera, upate ni nanometa ngapi za sampuli zinazoingia kwenye pikseli moja. Pikseli ya mikromita 15, yaani nanometa 15,000, kwa ukuzaji wa mara 30,000, ni sawa na nanometa 0.5. Kitu kidogo zaidi kinachoweza kuonekana kwa uaminifu ni maradufu ya hapo, nanometa 1, kwa kuwa angalau pikseli mbili zinahitajika kutofautisha kilichopo na nafasi iliyo kando yake. Sasa kumbuka kwamba kipande cha rezini kilichotiwa metali hakitoi habari za maana chini ya nanometa mbili hivi, hata kama hadubini yenyewe inaweza zaidi. Hii ina maana kwamba kupanda juu ya 30,000 kwenye mfano huu ni kukuza utupu: picha inakuwa kubwa, eneo linakuwa dogo, habari ni zilezile. Kamera yenye pikseli 4,096 kwa kila upande itakuonyesha hapo eneo la mikromita mbili tu, ilhali glomerulasi moja ina upana wa mikromita 200 hivi. Kwa ripoti ya figo, picha nyingi za manufaa hupigwa kati ya mara 2,000 na 15,000.

Jihadhari na tarakimu ya ukuzaji inayoonekana kwenye skrini ya hadubini. Kamera iliyofungwa ubavuni, juu ya mahali pa filamu, huona eneo pana kwa ukuzaji mdogo. Ile iliyofungwa chini kabisa huona eneo dogo kwa ukuzaji mkubwa, na mashine yaweza kuandika tarakimu ileile kwa zote mbili. Kinachoaminika ni mstari wa kipimo uliohakikiwa. Piga picha ya gridi ya kuhakikishia yenye mistari 2,160 kwa milimita, ambamo kila mstari uko nanometa 463 kutoka kwa mwenzake, kwa kila ukuzaji unaoutumia, kisha linganisha. Fanya hivyo tena kila fundi anapogusa lenzi.

Kupiga

Washa ubaridi wa kamera mapema, kwa kuwa sensa yenye joto huzalisha ishara za uongo zake yenyewe hata gizani. Kabla ya kazi, toa sampuli njiani, tandaza mwale uwe sawa kote, na uiruhusu programu ichukue picha ya giza na picha ya mwanga mtupu, ambazo kwazo itaondoa vumbi la sintileta, kivuli cha nyuzi za kioo na tofauti za pikseli. Ukiona muundo kama wa sega la nyuki ukijirudia kwenye kila picha, ujue urekebishaji huo umepitwa na wakati. Usielekeze kamwe mwale uliokusanywa kuwa doa dogo kwenye kamera. Sintileta iliyoungua haiponi.

Tumia kilovolti 80 kwa vipande vya aina hii, maana elektroni za kasi ndogo hutoa utofauti mzuri zaidi wa weusi na weupe, na ingiza kitundu kidogo cha lenzi ya mbele kwa sababu hiyohiyo. Baada ya kuingiza gridi, iache itulie, na uioshe kwa mwale hafifu kwenye ukuzaji mdogo kwa dakika chache, la sivyo rezini itasinyaa katikati ya picha. Kwa fokasi, tafuta ukingo wa kitobo kidogo: mstari mweupe ukingoni maana yake uko chini ya fokasi, mweusi maana yake uko juu, na mstari usio sawa pande zote unaonyesha astigmatizimu inayohitaji kurekebishwa. Simama chini ya fokasi kidogo tu. Penye fokasi kamili picha hupauka, jambo linalomshangaza kila mwanafunzi.

Muda wa kupokea uwe nusu sekunde hadi sekunde moja, na mwanga usikaribie kikomo cha sensa, kwa kuwa pikseli iliyojaa haina habari tena. Picha kadhaa fupi zilizopangwa juu ya mwenzake na kompyuta hushinda moja ndefu pale kipande kinapoteleza. Chukua kwanza picha ya glomerulasi nzima, kisha ushuke kwenye vitanzi vya mishipa, kisha kwenye utando; msomaji wa ripoti anahitaji kujua alipo. Unene wa utando, ambao kwa mtu mzima huwa nanometa 300 hadi 400, upimwe mahali pengi ambapo umekatwa wima, kwani ukikatwa kimshazari huonekana mnene hata kama si mnene.

Hifadhi faili asilia la biti 16 kama lilivyotoka kwenye kamera, ambalo kwa pikseli 4,096 kwa 4,096 huwa megabaiti 33 hivi, na nakala ya TIFF yenye mstari wa kipimo kwa ajili ya ripoti. JPEG ni ya kumtumia daktari kwenye simu, na ibaki huko. Mwangaza unaweza kurekebishwa kwa picha nzima. Kufuta punje ya risasi mahali pamoja ni kughushi. Jina la faili libebe namba ya kitofali, namba ya gridi na ukuzaji, na kitofali chenyewe kirudi kwenye kisanduku chake kikiwa na kijikaratasi chake cha penseli ndani, kwa sababu wiki ijayo daktari atapiga simu kuuliza kama kuna glomerulasi nyingine, na mara nyingi ipo, mikromita chache chini ya pale ulipoacha kukata.